Mwenye Kumwona Chui Asichekwe, Lakini Aulizwe

Katika pwani yetu ya Tanganyika, tangu Rumonge hata Nyanza-Lac, iko habari moja isiyozeeka. Mbuzi akipotea usiku karibu na msitu wa Kigwena, asubuhi husemwa kwamba chui amerudi. Mara nyingine husemwa ni simba. Mmoja huapa kwamba amemwona akivuka barabara. Wa pili amesikia mngurumo. Wa tatu hakuona wala hakusikia, lakini ndiye mwenye maneno mengi kuliko wote. Jua likifika utosini watu wamekwisha gawanyika makundi mawili: wanaoamini na wanaocheka. Nami nataka kusema katika gazeti letu hili kwamba makundi yote mawili hayafai, na tena kwamba jambo hili si la mchezo. Mahali pengine limekwisha leta hasara kubwa, nalo laweza kuleta hasara kwetu pia.

Kwanza tuliweke swali lenyewe sawasawa. Kigwena ni msitu mdogo, salio la misitu iliyokuwa zamani katika uwanda wa ziwa. Umezungukwa na michikichi, mihogo na nyumba za watu. Nyani na tumbili wamo. Hilo hapana abishaye, maana wakulima huwafukuza mashambani kila msimu. Lakini chui? Kichwa cha simba kimo katika ngao ya taifa letu, na katika wafalme wa kale wako walioitwa Ntare, jina litokalo katika neno la Kirundi la simba. Walakini simba wa kukaa na kuzaa katika nchi yetu hayupo tena. Chui naye ni mnyama wa kujificha, na makao yanayomfaa hapa kwetu ni msitu mkubwa wa Kibira na mbuga ya Ruvubu, navyo vyote viko mbali na ziwa. Basi mtu akisema kwamba amemwona chui Kigwena, anasema amemwona nje ya makao yake yanayojulikana. Je, jambo hilo haliwezekani?

Nasema yawezekana, kwa kuwa wanyama hawasomi ramani. Tazameni habari ya Marekani. Huko yuko paka mkubwa aitwaye puma, ambaye wenyewe humwita simba wa milimani. Katika majimbo ya mashariki ya nchi ile waliuawa mpaka wakaisha, wakabaki upande wa magharibi na kidogo katika Florida. Hata hivyo kwa miaka mingi watu wa mashariki walikuwa wakisema kwamba wamewaona, na wakubwa wa idara za wanyama wakiwajibu kwamba wameona mbwa, au paka wa nyumbani, au puma aliyetoroka kwa mtu anayemfuga. Mwezi wa Machi 2011 serikali ikatangaza kwamba puma wa mashariki amekwisha kabisa. Haukupita muda mrefu. Mwezi wa Juni mwaka ule ule motokaa ikamgonga puma dume katika barabara moja ya Milford, jimbo la Connecticut. Wataalamu wakachukua vipande vya mwili wake, wakavilinganisha na nywele na kinyesi vilivyokuwa vimeokotwa njiani katika Minnesota na Wisconsin, wakakuta ni mnyama yule yule, na ya kuwa asili yake ni Black Hills katika South Dakota. Alikuwa amesafiri zaidi ya maili 1,500.

Hata katika Afrika yetu yametokea kama hayo. Katika nyanda za Batéké, nchi ya Gabon, simba walihesabiwa kuwa wamekwisha tangu miaka ya 1990. Mwaka 2015 kamera iliyotegwa kwa ajili ya kuwachunguza sokwe ikampiga picha simba dume peke yake. Baadaye nywele zake zikapimwa na kulinganishwa na simba wa kale wa upande ule waliohifadhiwa katika majumba ya makumbusho.

Tena, wa karibu zaidi kuliko huyo, wako simba wa Mahale. Mahale ni milima ya Tanzania iliyo katika pwani hii hii yetu ya mashariki ya ziwa. Mtu akitoka Kigwena akashika njia ya kusini, akapita Gombe na Kigoma, akaendelea, atafika huko bila kuvuka maji ya ziwa. Wataalamu wa Japani wamekaa Mahale wakiwachunguza sokwe tangu mwaka 1965. Hapana aliyewadhania simba kuwa adui wa sokwe katika msitu ule. Lakini mwaka 1989 simba waliingia humo, na kinyesi chao kilipochambuliwa kilikutwa na nywele, mifupa na meno ya sokwe. Hapo ikajulikana kwa mara ya kwanza kwamba simba humla sokwe wa mwitu.

Ndugu zangu, angalieni vizuri ni kitu gani kilichomaliza ubishi katika habari hizi tatu. Si wingi wa watu waliosema, wala si sauti zao, wala si cheo cha msemaji. Ni mzoga barabarani, ni nywele, ni picha yenye mahali na siku yake, ni kinyesi kilichochambuliwa na mtu asiyeona haya kukigusa. Anayecheka atie akilini kwamba serikali ya nchi kubwa ilitangaza neno, na baada ya miezi mitatu akatokea mnyama aliyezaliwa mbali akalala barabarani. Na anayeamini upesi atie akilini kwamba puma yule mmoja hakuwageuza kuwa kweli wale wote waliosema miaka yote kwamba wameona. Alijithibitisha mwenyewe tu.

Sasa nataka tuvuke mpaka pwani ya bahari, twende Unguja, maana huko ndiko kuna funzo letu kubwa. Kisiwa kile kilikuwa na chui wake. Maelfu ya miaka iliyopita bahari ilipanda ikakitenga kisiwa na bara, na chui waliobaki humo wakawa wa peke yao: wadogo wa mwili kuliko wa bara, na madoa yao madogo madogo yamesongamana. Mwaka 1932 mtaalamu wa London aitwaye Pocock aliwaandika kuwa namna ya peke yake, akawapa jina la Aders, aliyekuwa mtaalamu wa wanyama katika serikali ya Zanzibar. Ngozi chache ziko katika makumbusho, na mmoja aliyejazwa amewekwa katika makumbusho ya Zanzibar kwenyewe.

Chui hawa walikuwa wa kweli, wakila mbuzi wa kweli. Lakini juu ya kweli hiyo watu walijenga jambo la pili. Ilisemwa kwamba wako chui wa mwitu na wako chui wa kufugwa. Kwamba wachawi huwafuga, huwalisha, na kuwatuma usiku kwa jirani wawatishe watu na kuwadhuru. Mashamba yalipopanuka na misitu ikapungua, chui na watu wakakutana mara nyingi zaidi. Na kila walipokutana, watu hawakuuliza chui huyu ametoka msitu gani. Waliuliza ametumwa na nani. Baada ya mapinduzi ya 1964 ilifanywa kampeni ya kuwasaka chui na wachawi pamoja, ikiongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi. Chui wakauawa kwa bidii, na wanadamu wakatuhumiwa ambao makosa yao hapana aliyeyapima, maana uchawi hauna unyayo. Msako ulipokwisha uwindaji uliendelea, na katika miaka ya 1990 wataalamu walikuwa wakijiuliza kama yuko hata mmoja aliyesalia.

Kutoka hapo habari inageuka kuwa kama yetu ya Kigwena. Wanavijiji wakaendelea kusema kwamba wanamwona. Martin Walsh na Helle Goldman, walioifuatilia habari hii kwa miaka mingi, waliandika kwamba wako hata waliojitolea kuwapeleka wageni kwa wafugaji wa chui ili waonyeshwe, nao hawakuonyeshwa. Kamera zilitegwa katika msitu wa Jozani, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2003: chui hakupatikana, ingawa kamera zile zilimpiga picha kanu wa Unguja, mnyama mdogo mwenye madoa ambaye picha yake akiwa hai haikuwahi kupatikana kabla. Mwaka 2018 Mmarekani Forrest Galante, katika kipindi cha televisheni kiitwacho Extinct or Alive, akaonyesha picha za usiku za chui, akasema zimepigwa Unguja. Wengi wakafurahi. Wengine wakauliza: huyu ni chui wa Unguja wa asili, au ni wa bara aliyeletwa? Picha haina unywele wala damu ya kupima, na kwa hiyo peke yake haikutosha kumaliza ubishi.

Mimi naona msiba wa Unguja una sehemu mbili. Ya kwanza, watu walipokuwa na chui wa kweli hawakumchunguza, walimsimulia. Na masimulizi yale yakawaua chui na kuwachafulia watu majina. Ya pili, sasa wanapotaka kumpata, hawana ila masimulizi. Kama mtu mmoja katika kila kijiji angaliandika tarehe na mahali, akahifadhi nywele kidogo katika bahasha, leo wenye kutafuta wangalikuwa na mahali pa kuanzia.

Sisi wa ziwani tusijione kuwa bora. Tunaye Gustave wetu, mamba wa Rusizi na wa pwani hii, aliyepewa jina hilo na Mfaransa Patrice Faye. Yasemekana ameua watu hata 300. Yasemekana urefu wake wapita mita 6. Lakini Gustave hajapimwa kwa kamba hata siku moja. Zamani ilidhaniwa kwamba umri wake umefika miaka 100; walipomtazama kinywani wakamwona ana meno yote, wakateremsha makisio mpaka kama miaka 60. Oneni jinsi meno yaliyoonekana yalivyompunguzia mamba miaka arobaini! Tena kuna hatari ambayo naiona mimi: kila mtu akikamatwa na mamba, na lawama ikatupwa juu ya Gustave mmoja, basi wale mamba wengine husahauliwa, na mama aendelea kuteka maji mahali pale pale kwa kuwa amesikia Gustave ameonekana kwingine.

Najua yatakayosemwa dhidi yangu. La kwanza ni methali: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii naiheshimu, lakini watu huitumia vibaya. Maana yake si kwamba kila neno ni kweli. Maana yake ni kwamba neno lina chanzo, na chanzo hicho kitafutwe. Mtu aliyesema amemwona chui yamkini ameona kitu. Pengine ni mondo, mwenye miguu mirefu na madoa. Pengine ni fungo au kanu. Pengine ni mbwa wasio na mwenyewe, ambao ni wauaji wakubwa wa mbuzi. Na pengine, mara moja kwa nyingi, ni chui mwenyewe akipita. Kitu kipo. Jina lake ndilo tusilolijua, na hatutalijua kwa kupiga kelele.

La pili, husemwa kwamba uvumi una faida, kwa sababu watu wakiogopa chui hawataingia Kigwena kukata kuni, na msitu utapona. Hoja hii ina utamu wake, lakini Unguja imekwisha ijibu. Hofu humlinda mnyama mpaka siku ile watu waliojaa hofu wanapopata kiongozi. Siku hiyo hushika mapanga na moto. Msitu mkubwa waweza kustahimili hasira ya siku moja. Kigwena ni kidogo. Watu wakiamua kwamba kichaka kile ni nyumba ya adui, msimu mmoja wa kiangazi watosha kukimaliza. Afadhali msitu ulindwe na watu wanaojua kilichomo kuliko kulindwa na watu wanaotetemeka.

La tatu, husemwa kwamba wazee wanajua kuliko kamera. Hapa nakubali nusu. Mzee aliyechunga mbuzi miaka hamsini ana macho ambayo sisi wa darasani hatuna, na kumcheka ni utovu wa adabu na upungufu wa akili pia, kwa kuwa aliyechekwa mara moja hasemi mara ya pili, na habari ya kweli hupotea pamoja naye. Lakini mzee huyo huyo akiulizwa kwa heshima hueleza mambo mengi: alisimama wapi, mwanga ulikuwaje, mkia wa mnyama ulikuwa mrefu au mfupi, alikimbia au alitembea. Kumwuliza si kumkanusha. Ni kumheshimu kuliko kumwitikia tu "ndiyo, Mzee" na kwenda zetu.

Basi tuulize nini, na tutafute nini? Mambo haya si magumu. Unyayo wa jamii ya paka kwa kawaida hauonyeshi kucha, maana paka huzificha anapotembea. Wa mbwa na wa fisi huonyesha. Unyayo wa mondo ni mdogo, kadiri ya sentimeta 4 au 5. Wa chui hufika 7 mpaka 10. Wa simba hupita hapo. Ukiona unyayo, ufunike kwa beseni au jani la mgomba kabla umati haujaukanyaga, kisha weka kiberiti kando yake upige picha kwa simu kutoka juu, ili atakayeitazama ajue ukubwa wake; maana picha isiyo na kipimo yaweza kumfanya paka wa jikoni kuwa simba. Mzoga nao husema. Chui mara nyingi hukaba koo, na hupenda kuburuta mawindo yake na kuyaficha, hata juu ya mti. Mbwa huuma ovyo, miguuni na matakoni, na huweza kujeruhi mbuzi wengi usiku mmoja. Nywele zilizonasa katika miiba zitiwe katika bahasha ya karatasi, iandikwe siku na mahali. Wala mtu asimfuate mnyama kichakani kwa ushujaa. Chui aliyejeruhiwa hana mzaha.

Jambo kubwa zaidi ni kutenganisha maneno matatu ambayo midomo yetu huyachanganya: nimeona, nimesikia, nadhani. Shahidi aandikwe peke yake, kabla hajasikiliza wenzake, kwa kuwa watu watano waliozungumza pamoja usiku kucha asubuhi huwa shahidi mmoja mwenye vinywa vitano. Na asiyeona kitu naye aandikwe. Kutega kamera wiki moja na kukosa hakuthibitishi neno. Lakini kutafuta miaka mingi, mahali pengi, na kukosa kila mara, huko kunathibitisha, nasi hatuna budi kukubali hata kama mioyo yetu haipendi.

Kwa hiyo natoa shauri kwa wanafunzi na kwa wale waliokwisha maliza, walio wavuvi, walimu, wenye mashamba na madereva wa barabara ya Bujumbura. Shule ianze daftari moja la wanyama wa pwani hii. Kila habari iandikwe kwa mistari michache: siku, saa, mahali, umbali, aliyeona, na kilichobaki cha kuonyeshwa. Jina la mtu aliyetuhumiwa uchawi lisiandikwe kamwe, kwa maana daftari letu ni la wanyama. Kila muhula nakala ipelekwe kwa walinzi wa msitu wa Kigwena, walio chini ya ofisi ya nchi ya kulinda mazingira, OBPE. Mwanzoni kurasa zitajaa nyani, mbwa na mondo, na wengine watasema tunapoteza wino. Lakini hata hayo ni elimu: mkulima atakayejua kwamba mbuzi wake wameliwa na mbwa atajenga zizi imara, badala ya kumtazama jirani yake kwa jicho baya.

Na siku moja, Mungu akipenda, chui akipita kweli katika pwani hii usiku, akitoka nisikokujua akienda nisikokujua, asubuhi yake atakutwa na watu wenye kiberiti na bahasha mkononi. Hapo atakuwa chui wa kweli, si wa maneno. Naye atapata nafasi ya kuishi ambayo mwenzake wa Unguja hakuipata.